Mlango na Kaunta: Kisa cha Jumatatu za Gerde's, New York

Mwenye baa akiacha jukwaa wazi usiku mmoja wa wiki, yeyote apande, aimbe nyimbo zake mbili tatu, ashuke, ni nani anayelipia usiku ule? Swali hili linanikera kwa sababu halijibiwi. Tunasifu vipaji vilivyoibuka, tunasimulia nani aligunduliwa na nani, halafu tunanyamaza kuhusu fedha. Nimechagua kuchambua baa moja ya New York ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa sababu pale fedha zinaonekana. Mpango wa kwanza ulivunjika ndani ya miezi michache, wa pili ukadumu miaka, na mambo yote mawili yalitokea ndani ya kuta zilezile, chini ya mwenye baa yuleyule.

Kila baa yenye muziki ina mifuko miwili, mlango na kaunta. Watu wa dansi wa Dar es Salaam wanalijua hili bila kufundishwa. Bendi inachukua kiingilio, mwenye ukumbi anachukua vinywaji, na kila upande unajua mwenzake anaishije. Siku bango likiandikwa "kiingilio kinywaji chako", mwanamuziki anaelewa mara moja kwamba mlango umefungwa na sasa anakula kutoka kaunta, kwa makubaliano yoyote aliyoweza kuyapata. Shikilia mifuko hiyo miwili, maana kisa chote cha Gerde's kiko humo.

Gerde's ilikuwa mgahawa wenye baa, namba 11 West 4th Street, karibu na bustani ya Washington Square katika mtaa wa Greenwich Village. Jina lilitokana na mwenye mgahawa wa zamani, William Gerdes. Aliyekuwa akiuendesha wakati wa kisa chetu ni Mike Porco, mhamiaji kutoka Calabria, kusini mwa Italia. Porco hakuwa mtu wa muziki. Alikuwa mtu wa chakula na pombe, aliyeijua kazi yake: bia imeuzwa kiasi gani, nani ana deni, meza gani imekaa tupu tangu saa mbili. Alikuwa na leseni ya pombe, na jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu sehemu nyingi za Village zilizokuwa na waimbaji wakati ule zilikuwa mikahawa ya kahawa tu, bila tone la bia.

Upande wa pili alikuwapo Izzy Young. Mwaka 1957 alifungua duka lililoitwa Folklore Center, namba 110 MacDougal Street, akiuza vitabu vya nyimbo za jadi, santuri, nyuzi za gitaa na banjo. Kwa jina lilikuwa duka, ila kwa kazi lilikuwa kijiwe cha kila mwenye ala mgongoni. Mgeni akiingia mjini na gitaa lake alielekezwa huko. Young alikuwa na kitu ambacho Porco hakuwa nacho hata chembe: aliwajua waimbaji wote, na waimbaji walimwamini.

Tarehe 26 Januari 1960 wawili hawa walianza biashara pamoja. Young, akiwa na mwenzake Tom Prendergast, aliugeuza mgahawa kuwa ukumbi wa nyimbo za jadi na kuuita The Fifth Peg, kigingi cha tano, kile cha banjo. Waliofungua walikuwa Brother John Sellers, mwimbaji wa injili na blues, na Ed McCurdy. Makubaliano yalikuwa rahisi kuyaeleza: kina Young wanachukua kiingilio, na kutoka humo wanalipa waimbaji na matangazo. Porco anabaki na chakula na vinywaji.

Ukiyasoma haraka unaona haki, kila mtu na mfuko wake. Lakini yapitishe kwenye usiku mmoja wa kawaida. Wasikilizaji wa nyimbo za jadi wakati ule wengi walikuwa wanafunzi na vijana wasio na kitu. Wakija wachache, mlango hautoshi kumlipa hata mwimbaji mmoja, na hasara ni ya Young peke yake. Kaunta ya Porco haipotezi, maana hao wachache nao wanakunywa, na bila muziki wasingekuwapo kabisa. Wakija wengi, mlango unalipa waimbaji na kubakiza kidogo, huku kaunta ikijaa kwa kazi iliyofanywa na wengine. Kwa vyovyote vile hatari iko kwa mwenye mlango, na faida ya uhakika iko kwa mwenye kaunta. Tena Young hakuwa na njia ya kupunguza gharama bila kuwapunja waimbaji, watu aliokuwa akiwaona dukani kwake kila asubuhi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na namna kisa hiki kinavyosimuliwa mara nyingi, kwamba mfanyabiashara mjanja alimzunguka mpenda sanaa asiyejua hesabu. Simwoni mjanja pale. Naona mkataba ambao ungewagombanisha hata ndugu wa tumbo moja, kwa sababu uliwapa watu wawili wa nyumba moja sababu tofauti za kufurahi. Young alihitaji watu wanaolipa kuingia hata kama hawanywi. Porco alihitaji wanywaji hata kama wameingia bure. Kufika masika ya mwaka huohuo walikuwa wamekosana, na Young akatoka.

Tarehe 1 Juni 1960 baa ilifunguliwa upya kwa jina la Gerde's Folk City, jukwaani wakiwa waimbaji Carolyn Hester na Logan English. English mwenyewe na Charlie Rothschild ndio waliokuwa wakipanga waimbaji. Mlango na kaunta sasa vilikuwa mkononi mwa mtu mmoja. Mimi nalihesabu hili kuwa badiliko kubwa kuliko jina jipya, maana tangu hapo Porco akimlipa mwimbaji alikuwa akiilipa bia yake mwenyewe, na meza iliyojaa ilimfaa hata kama mlangoni hakikukusanywa kitu.

Sasa njoo kwenye Jumatatu. Ratiba ya waimbaji wa kulipwa ilianza Jumanne. Jumatatu ilikuwa imelala, kama inavyolala katika baa nyingi duniani, watu wakiwa wamemaliza fedha zao mwisho wa juma. Usiku huo Folk City iliuacha wazi kwa mtu yeyote, na waliuita hootenanny, neno ambalo waimbaji wa nyimbo za jadi kina Pete Seeger na Woody Guthrie walikuwa wakilitumia tangu miaka ya 1940 kwa mikusanyiko yao ya kuimba. Mwenye gitaa alifika, akasubiri zamu yake, akapanda, akaimba, akashuka. Malipo hayakuwapo.

Watu hudhani siri ya usiku kama huo ni kuwaruhusu wachanga. Wachanga pekee hawajazi baa. Atakuja mama yake mwimbaji na marafiki wanne, watamsikiliza yeye, watakunywa soda, wataondoka. Kilichoipa Jumatatu ya Gerde's nguvu ni kwamba waimbaji wa kulipwa waliofanya kazi kumbi nyingine juma zima walikuwa huru usiku huo, nao walikuja. Walikuja kusikilizana, kupokea mpangilio mpya wa wimbo wa zamani, kujaribu jambo ambalo wasingethubutu kulijaribu mbele ya waliolipa. Kwa hiyo kijana aliyefika mjini jana aliweza kupanda mara tu baada ya mtu aliyekwisha kurekodi, na kusikilizwa na masikio yaleyale. Shule ya namna hiyo hainunuliki. Na msikilizaji wa kawaida aliyenunua bia yake alikuwa na uhakika kwamba hata kama watatu watamchosha, wa nne atamfanya asogeze kiti.

Hapa mshereheshaji ndiye roho ya kazi. Gil Turner, mwimbaji wa kundi la New World Singers, alikuwa mmoja wa walioongoza usiku huo, na kuna faida kuwa na mshereheshaji ambaye naye ni mwimbaji. Anajua kwamba tenzi tatu ndefu zikifuatana watu watageukia kaunta, kwamba aliyetetemeka jukwaani apewe neno moja la heshima akishuka, kwamba mwenye sauti nzito asiwekwe kabla ya msichana anayeimba bila ala. Anajua pia kusema "wimbo wako wa mwisho" kwa namna ambayo haimvunji mtu moyo wala haimwachi abishe. Nimeona usiku wa jukwaa wazi ukifa kwa sababu mwenye kipaza sauti aliona aibu kumkatiza rafiki yake aliyefika wimbo wa saba. Waliosubiri wanaondoka, tena wanaondoka na wanywaji wao.

Linganisha na majirani. Mikahawa ya MacDougal Street ilimlipa mwimbaji kwa kapu: anamaliza nyimbo zake, kapu linazungushwa mezani, anachukua kilichoangukia humo. Sisi tuna mazoea ya kutunza, noti ikibandikwa kwenye paji la uso la mwimbaji wa taarabu katikati ya wimbo, na hakuna anayeona hayo ni kuombaomba. Kapu la Village lilikuwa na ukatili wake, maana mwenye mkahawa alijaza viti bila kumlipa mtu, na mwimbaji akabaki na huruma ya watalii. Pale Gaslight, namba 116 MacDougal, kulikuwa na tatizo jingine: makelele yalipanda kwa majirani wa ghorofani hadi wasikilizaji wakazoea kushangilia kwa kualiza vidole badala ya makofi. Nayataja haya kwa sababu hali ya jengo na leseni huamua aina ya muziki kuliko tunavyokubali. Baa yenye leseni ya pombe, katika jimbo ambalo umri wa kunywa ulikuwa miaka 18, iliweza kumweka mwanafunzi kwenye kiti kwa saa tatu na bado ikauza kitu. Mkahawa wa kahawa ulihitaji aondoke ili mwingine akae.

Tuje kwenye njia ambayo mtu alipita kutoka Jumatatu kwenda Jumanne, kwa sababu hiyo ndiyo hukumu yangu juu ya usiku wowote wa aina hii.

Januari 1961 Bob Dylan aliingia New York akiwa na miaka 19. Alianza na jukwaa la Cafe Wha? na mikahawa ya kapu, na Jumatatu alikuwa akipanda pale Gerde's. Porco alimwona, akamwona tena. Sikatai kwamba alisikia kipaji, ila mtu wa kaunta huona na jambo jingine: huona watu wanafanya nini mtu fulani akiwa jukwaani. Alimpa kazi ya majuma mawili, kufungua jukwaa kwa John Lee Hooker, kuanzia Jumanne tarehe 11 Aprili 1961.

Kazi ya kulipwa ilihitaji karatasi. Kwanza uanachama wa chama cha wanamuziki, na kijana yule hakuwa amefikisha umri wa kujitilia sahihi. Alimwambia Porco kwamba hana wazazi, jambo ambalo halikuwa kweli, na Porco akatia sahihi kama mlezi wake na kumsaidia fedha za kujiunga. Halafu ilikuwapo kadi ya kabareti. Tangu mwaka 1940 polisi wa New York walimtaka kila anayefanya kazi kwenye kumbi za pombe zenye burudani achukuliwe alama za vidole na kubeba kadi yao, na kadi hiyo waliweza kuinyang'anya. Billie Holiday alikosa haki ya kuimba katika kumbi hizo za jiji lake baada ya kesi yake ya dawa za kulevya mwaka 1947. Thelonious Monk alipokonywa kadi mwaka 1951 akakaa miaka bila ruhusa ya kupiga piano katika kumbi hizo. Mfumo huo ulifutwa mwaka 1967. Mtu anayefikiri jukwaa wazi linahitaji kipaza sauti na viti tu aangalie hapo: kati ya nyimbo tatu za bure na juma moja la mshahara kulikuwa na chama, polisi na sahihi ya mtu mzima. Porco alimvusha. Haikuwa lazima kwake.

Na angalia alimvusha kwenda kwa nani. John Lee Hooker, mzaliwa wa Mississippi aliyejenga jina Detroit, alikuwa mtu mzima mwenye blues iliyokomaa, anayeweza kushikilia sauti moja ya gitaa na mguu unaogonga sakafu hadi chumba kizima kikanyamaza. Kijana alisimama mbele ya wasikilizaji wa Hooker usiku baada ya usiku, kisha akakaa kumsikiliza. Mimi ningempeleka mwanangu huko kabla ya chuo chochote.

Siku mbili kabla ya jukwaa hilo, Jumapili ya tarehe 9 Aprili, jambo jingine lilitokea hatua chache kutoka pale. Kwa miaka mingi waimbaji walikusanyika Jumapili mchana kwenye chemchemi ya Washington Square wakiimba bure. Msimamizi wa bustani za jiji, Newbold Morris, alikataa kutoa kibali. Waimbaji walienda hivyohivyo, polisi wakaingia, watu wakasukumwa na wengine kukamatwa. Aliyekuwa mbele ya maandamano yale, akibishana na polisi, ni Izzy Young. Marufuku iliondolewa majuma machache baadaye.

Naona watu wakiliweka tukio hili kwenye sura ya siasa na Gerde's kwenye sura ya burudani, lakini ni mfereji mmoja. Bustani ya Jumapili ililea waliopanda Jumatatu. Yule ambaye mkataba mbovu ulimtoa kwenye baa ndiye aliyelinda chanzo cha maji yaliyoijaza baa hiyo. Porco hakuwa na uwezo wa kuifanya kazi ile ya bustanini, na Young hakuwa na uwezo wa kukaa kwenye kaunta. Inaniuma kwamba hawakupata namna ya kubaki pamoja.

Matokeo ya mwaka huo yanajulikana, ila mnyororo wake hautazamwi vya kutosha. Carolyn Hester, aliyefungua Folk City Juni 1960, alikuwa akirekodi katika kampuni ya santuri ya Columbia chini ya mtayarishaji John Hammond, na alimwomba Dylan ampigie kinanda cha mdomo. Mwishoni mwa Septemba 1961 Dylan alikuwa tena Gerde's, safari hii akifungua kwa kundi la Greenbriar Boys, na tarehe 29 gazeti la New York Times lilitoa makala ya Robert Shelton iliyomsifu mfunguzi kuliko wenye usiku wao. Shelton hakuteremka kutoka mbinguni, alikuwa mtu wa pale, mwenye mazoea ya kukaa na kusikiliza. Mwezi uliofuata Dylan alikuwa na mkataba wa Columbia. Mwaka 1963 ikawa zamu ya mwimbaji na mpiga gitaa José Feliciano, aliyesikiwa pale na watu wa RCA, kampuni nyingine ya santuri. Baa ndogo yenye masikio mazuri ilikuwa imekusanya chini ya dari moja mwajiri, mwandishi, mtayarishaji na walimu. Jumatatu ilikuwa mlango wa nyumba hiyo.

Mwaka huohuo wa 1963 televisheni ya ABC iliamua kuupeleka usiku wa hootenanny kwenye skrini za taifa zima. Wimbi lilikuwa juu, vijana wa vyuo walikuwa tayari, na kipindi kilianza Aprili. Lakini Pete Seeger, mmoja wa watu waliolieneza neno lenyewe, alizuiwa kwa sababu ya siasa zake. Mwimbaji Joan Baez na wengine wakakisusia. Mwaka uliofuata kilikufa. Kwangu hilo ni jaribio lililofanyika bila kukusudiwa: chukua jina, chukua gitaa, chukua makofi, ondoa uwazi, uone kinachobaki.

Sasa nirudi kwenye fedha. Jumatatu ya Gerde's ililipiwa na waimbaji, kwa kazi yao. Hilo lisemwe bila kupakwa rangi. Majina niliyoyataja ni ya wachache waliovuka. Wengi waliimba nyimbo zao wakarudi makwao, na bia iliyouzwa wakati wakiimba iliingia mfuko usio wao. Porco alilipia taa, wahudumu na uvumilivu. Kinachonifanya nisiite usiku ule unyonyaji ni Jumanne. Nyumba iliyochukua kazi ya bure siku moja ililipa siku zilizobaki, na iliwachukua wa kuwalipa kutoka haohao. Kadiri ninavyoona, mahali pengi leo, kuanzia Nairobi hadi London, jukwaa wazi ndiyo burudani yote ya baa. Hakuna Jumanne. Mwimbaji anaambiwa atapata kujulikana, anajulikana kwa watu walewale thelathini mwaka mzima, na mwenye baa hajawahi kutoa hundi. Hapo sina neno la upole.

Je, The Fifth Peg ingeweza kupona? Naamini ingeweza, kwa mabadiliko ya mistari miwili. Kwanza, ingepimwa kaunta ya jioni ya kawaida isiyo na muziki, halafu kila kinachozidi hapo siku ya muziki kigawanywe, sehemu kwa Porco na sehemu iende kwenye mfuko wa waimbaji pamoja na kiingilio. Hivyo msikilizaji anayekunywa na asiyekunywa wote wangekuwa na faida kwa pande zote mbili. Pili, malipo ya chini ya mwimbaji yangetoka kwenye mfuko huo wa pamoja kabla ya yeyote kugusa faida, ili usiku wa mvua hasara isimwangukie mtu mmoja. Porco angepata kidogo pungufu kwenye usiku mzuri, lakini angebaki na mtu aliyekuwa akijua, saa moja baada ya treni kufika, nani kaingia mjini na gitaa.

Haikuwa hivyo. Mwaka 1970 Folk City ilihamia namba 130 West 3rd Street, na mwaka 1973 Young alihamia Stockholm, akaanzisha huko kituo kingine cha nyimbo za jadi ambacho alikiendesha kwa miongo. Oktoba 1975 Dylan, akiwa sasa nyota wa dunia, alirudi kuimba kwenye sherehe ya kuzaliwa ya Porco, bila malipo. Folk City ilifungwa mwaka 1987.